Mwasumini wa Bi Kazija

Chungu kizima hakilei ua.

Ndivyo shangazi yenu alivyomwambia mama yenu leo asubuhi, alipomkuta amelifungua tena begi la safari la Nurdini na kutoa nguo zilizokwisha kukunjwa. Nanyi mkacheka. Mkasema shangazi amechanganyikiwa, kwani chungu kilichotoboka kina kazi gani ila kutupwa jalalani? Msiwe wepesi wa kucheka. Kaeni hapa mkekani, na huyo Nurdini naye akae, basi la Dodoma haliondoki mpaka kesho. Methali hii ilianza hivi.

Katika mji mmoja mdogo wa pwani, upande wa Tanga, aliishi mjane aliyeitwa Bi Kazija. Alikuwa na watoto watatu: binti mkubwa aliyeolewa Pangani, mwana wa kiume aitwaye Shaibu, na kitindamimba wake, Mwanatumu, ambaye siku hizo alikuwa ameshaposwa na arusi yake imepangwa baada ya mfungo wa Ramadhani. Mali nyingine Bi Kazija hakuwa nayo ya kutajika, isipokuwa mwasumini mmoja uliooteshwa ndani ya chungu na kukaa uani, karibu na mlango wa jiko. Tawi lake alikatiwa na mama yake mwaka alioolewa, na mama yake naye alikatiwa na bibi yake.

Katika ukoo ule bi arusi havai kikuba cha kununua. Asumini zake huchumwa hapo hapo nyumbani, jioni ya kuamkia arusi, zikafungwa na mrehani na kubandikwa kwenye nywele zake. Inasemekana binamu mmoja tu ndiye aliyewahi kuolewa na kikuba cha sokoni, na mpaka alipopata vitukuu alikuwa bado akiitwa Bi Sokoni.

Sasa Shaibu alikuwa ameoa milimani, huko Lushoto. Mkewe aliitwa Mwanamvua, na ndiye mwenye hadithi hii. Mama yake alikuwa mfinyanzi, na Mwanamvua alikulia katikati ya vyungu. Kwao mnunuzi hatazami kwanza urembo wa chungu. Anakigonga kwa kifundo cha kidole, kisha anatega sikio. Kikilia sauti ndefu, ni kizima, toa hela. Kikilia kwa mkato, kina ufa, na mwenye nacho hukificha haraka kwa haya. Mtoto wa mfinyanzi hulijua hilo kabla hajajua kuhesabu mpaka kumi.

Alipoolewa, mama yake alimfinyangia chungu kipana chenye nakshi shingoni, akakigonga mbele ya watu wote, kikalia kama kengele. "Chungu hiki ni kizima, mwanangu," alimwambia. "Na ndoa yako iwe nzima." Mwanamvua alishuka nacho mlimani akiwa amekipakata njia nzima, na alipofika kwa mumewe alikiweka juu ya kabati. Hakukipikia wala hakukitekea maji.

Pale ukweni alikuwa bado mgeni, na mavyaa wake alimtia hofu. Si kwamba Bi Kazija alikuwa mkali. Alikuwa mtu wa maneno machache tu, na mkaza mwana mgeni huogopa kimya kuliko matusi. Kila Bi Kazija alipochungulia sufuria na kuondoka bila neno, Mwanamvua alikesha akijiuliza kama chumvi ilizidi au ilipungua. Alitamani siku moja asifiwe, hata kwa nusu ya neno.

Basi binti mkubwa akajifungua, na Bi Kazija akalazimika kwenda Pangani kumlea mzazi mpaka arobaini yake, akafuatana na Mwanatumu wa kumsaidia kufua na kupika. Gari lilikuja kuwachukua asubuhi. Bi Kazija akiwa amekwisha kukaa kitini, alitoa kichwa dirishani.

"Mwanamvua, mwasumini wangu nakuachia wewe. Unajua kazi yake."

"Najua, mama. Kikuba cha wifi."

"Usiunyime maji. Na chungu chake kinavuja, kitazame kisi..."

Dereva akapiga honi kuwafukuza mbuzi barabarani, na neno la mwisho likaenda na honi. Mwanamvua alisikia "kisi" tu. Lakini mtoto aliyelelewa hamwambii mkwewe arudie maneno kama anayempigia kelele kisimani. Akaitikia, "Ndiyo, mama," akapunga mkono mpaka vumbi likatulia.

Kisha akaenda uani kukitazama hicho chungu. Kwa kweli kilikuwa kinasikitisha. Kilikuwa cheusi kwa ukungu, mdomo umemeguka, na ufa umeteremka ubavuni mpaka kitakoni, maji yakichuruzika. Mwanamvua alikigonga kwa kifundo cha kidole. Kikalia kwa mkato.

Kisi nini? Kisipasuke, bila shaka. Kisizidi kuvuja. Kisituaibishe mbele ya wageni wa arusi. Alisimama akifikiri, na moyo wake ukachangamka, kwa sababu aliona sasa njia ya kupata ile nusu ya neno. Akaingia ndani, akapanda juu ya stuli, akateremsha chungu cha mama yake kutoka juu ya kabati.

Aliuhamisha mwasumini kwa uangalifu, udongo wake na mizizi yake. Tawi moja tu lilikatika mkononi, akalionea huruma, akalichomeka katika udongo uliosalia ndani ya kile chungu kibovu. Chungu chenyewe hakukitupa, kwani si adabu kutupa cha mkwe. Alikisukuma nyuma ya jiko, chini ya mchirizi wa bati, akakisahau. Na mwasumini ukakaa ndani ya chungu kizima chenye nakshi, na kila aliyeingia uani aliusifu.

Kutoka siku hiyo Mwanamvua hakuunyima maji. Aliumwagilia asubuhi, akaumwagilia jioni, na akipita mchana na kata mkononi aliuonjesha kidogo. Maji yenyewe alichota kisimani hapo hapo uani. Kisima kile, kama vingi vya pwani, kilikuwa na chumvichumvi. Watu walikifulia na kuoshea vyombo, na ya kunywa walifuata bombani. Hakuna aliyefikiri kwamba mti nao una ulimi.

Muda si mrefu majani ya chini yakageuka manjano. Mwanamvua akaongeza maji. Yakalegea. Akaongeza tena, maana kwao milimani jani lililolegea lina kiu, na kiu dawa yake inajulikana. Mwasumini ukazidi kulegea kama mtu aliyelishwa akiwa ameshiba.

Mgonjwa hakosi waganga. Jirani yao Bi Chausiku, mtu mwenye huruma nyingi na subira haba, alikuja akauzunguka mwasumini mikono kiunoni.

"Huu una huzuni," alisema. "Umemzoea mwenyewe. Na mwenyewe yuko kwa mzazi, basi na wenyewe umejiona mzazi. Upe uji."

"Uji, Bi Chausiku? Mti?"

"Wa pilipili manga. Mimi uzazi wangu wote umesimama kwa uji huo, na niangalie nilivyo."

Bi Chausiku alikuwa amesimama vizuri kweli, mlango mzima ulijaa. Mwanamvua akawasha moto. Uji ukapikwa, ukapozwa, ukamiminwa. Siku ya pili Bi Chausiku akaleta maji aliyooshea samaki, akisema yana nguvu. Mzee Bwanaheri, jirani wa upande wa pili mwenye mbuzi, akasikia habari, naye hakukubali kupitwa na uji. Akaleta ndoo ya samadi ya leo leo, bado ina joto, akaifukia yote chunguni kwa mkono wake. Uani pakaanza kunuka, na paka wa mtaa mzima wakahamia pale.

"Huo mti unakula vizuri kuliko mimi," alisema Shaibu, akichungulia sahani yake ya mchicha.

Mwanamvua hakucheka. Majani yalikuwa yakianguka, na kila jani lililoanguka aliliokota na kulificha upande wa kanga, kana kwamba jani lisipoonekana, hasara nayo haionekani. Alijiona amesimama mlangoni siku ya arusi, wifi yake akipita na kikuba cha sokoni, na watu wakiulizana nani aliyeua mwasumini wa Bi Kazija. Jibu lingekuwa jepesi: yule mke wa Shaibu, wa milimani. Bi Chausiku alipoona hivyo alimshauri anunue asumini nyingi siku Bi Kazija atakaporudi, azifunge kwa uzi kwenye matawi. Mwanamvua alimshukuru, akakataa. Uongo unaonyauka kabla ya magharibi haukumvutia.

Kisha, baada ya manyunyu ya hapa na pale, mvua ikanyesha, mvua ya maana, ya kutwa nzima. Ilipokatika, Mwanamvua alikwenda nyuma ya jiko kukinga maji ya mchirizi, na hapo akakiona kile chungu kibovu alichokisahau. Lile tawi lililokatika lilikuwa limeshika. Lilikuwa limesimama wima, na kwenye kila kifundo limetoa vijani viwili vidogo vya kijani kibichi, vinang'aa.

Aliweka ndoo chini, akachutama. Tawi hili hakulipa uji. Hakulipa samaki wala samadi, hata salamu hakulipa. Mchirizi ulikuwa bado ukidondosha maji ya mvua ndani ya chungu, tone kwa tone, na kwa chini, penye ufa, maji yakitoka kwa mwendo ule ule, masafi. Yanaingia, yanatoka. Udongo ulikuwa mnyevu tu, kama unga uliokandwa vizuri.

Akanyanyuka, akaenda kwenye chungu cha mama yake. Akajaribu kukiinamisha, kikamshinda kwa uzito. Akatia kidole, kikazama kwenye tope, na harufu iliyotoka ilikuwa ya mtaro. Mdomoni mwa chungu palikuwa na ukoko mweupe ambao siku zote aliudhani ni uji wa Bi Chausiku. Akaugusa kwa ncha ya ulimi. Chumvi tupu.

Hapo akaelewa, na kuelewa kwenyewe kukamuuma. Alikuwa ameuweka mwasumini ndani ya nyumba nzuri isiyo na mlango. Kila alichoupa kwa mapenzi, chumvi ya kisima, moto wa samadi, uozo wa samaki, vyote viliingia na kimoja hakikupata pa kutokea.

Njia ilikuwa moja, kukitoboa. Lakini kukitoboa chungu cha mama yake, chungu kilichogongwa mbele ya watu na kuombewa ndoa! Mwanamvua alikaa chini akakikumbatia kwa muda, paka wakimtazama. Kama angekuwa na chungu kingine angekitumia, ila hakuwa nacho, na kile kibovu kisingeubeba tena mti mzima bila kuachana vipande. Akakigonga mara ya mwisho. Hata kikiwa kimejaa tope, kililia kizima.

"Nisamehe, mama," alisema.

Akautoa mwasumini, akauweka kivulini ndani ya gunia lililoloweshwa. Akakifudikiza chungu, akachukua msumari na mchanga mbichi, akaanza kusokota taratibu kitakoni, bila kugonga, kama mafundi wa kwao wanavyotoboa mdomo wa buli. Mkono ulimwuma, machozi yakamtoka, msumari ukapenya. Tundu lilikuwa dogo, la kupitisha kidole chake cha mwisho.

Udongo wote wa zamani aliumwaga. Akaosha mizizi kwa maji ya mvua, akakata iliyooza, akautengenezea udongo mpya wa mchanga, majani yaliyooza, na konzi moja tu ya samadi kuukuu ya chini kabisa ya zizi la Mzee Bwanaheri, ile isiyonuka tena. Akapanga beseni na sufuria zote chini ya mchirizi akinge mvua. Na maji hakuyatoa tena kwa saa. Alitia kidole kwanza, na udongo ukimjibu kwamba bado mnyevu, aliondoka zake. Bi Chausiku alipokuja na bakuli lake la uji aliambiwa mgonjwa amepona tumbo. Alinuna kidogo, kisha akaunywa mwenyewe.

Bi Kazija aliporudi aliukuta mwasumini nusu uchi, ila kwenye ncha za matawi ulikuwa umeanza kuchipua. Aliuzunguka pole pole. Mwanamvua alisimama kando, kanga ameibana kwa meno, kanga ile ile aliyofichia majani.

"Chungu changu kiko wapi?" aliuliza Bi Kazija.

"Nyuma ya jiko, mama. Kilikuwa na ufa, nami nikaona nikutilie kizima. Kosa ni langu. Nimeujaza maji ya kisima, nimeupa na uji, nimekaribia kuuua."

"Uji?"

"Wa pilipili manga."

Uso wa Bi Kazija ulitetemeka kidogo, akajizuia.

"Mwanangu, nilikwambia nini nilipoondoka?"

"Uliniambia nisiunyime maji. Na chungu kinavuja, nikitazame kisi... Hapo honi ikapiga, mama. Sikusikia. Nikaona haya kuuliza."

"Kisizibe," alisema Bi Kazija. "Kitazame kisizibe. Ule ufa kila baada ya siku chache hujaa udongo, mimi huuzibua kwa njiti. Ufa ule ndio uhai wake. Maji ya kisima hata mimi naupa wakati wa kiangazi, lakini kidogo, na mvua ikija nauacha unyeshewe mpaka chumvi yote itoke chini. Na samadi naupa iliyolala mpaka imesahau kwamba iliwahi kuwa ya mbuzi." Akainama, akapapasa kitako cha chungu, kidole chake kikakutana na tundu. "Hiki si ni kile cha mama yako?"

"Ndicho, mama."

"Nawe umekitoboa."

"Nimekitoboa."

Bi Kazija alinyanyuka taratibu, akamtazama mkaza mwana wake kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Kisha, yule mtu wa maneno machache akaanza kucheka. Alicheka uji, akacheka honi, akacheka mpaka akashika ukuta, na Mwanamvua naye akajikuta anacheka huku analia. "Basi mwasumini huu," alisema Bi Kazija akijifuta macho, "kuanzia leo una bibi wawili." Haikuwa nusu ya neno. Ilikuwa zaidi ya alichokitamani.

Mfungo ukaja, mfungo ukaisha, na vikonyo vya maua vikatoka, si vingi. Jioni ya kuamkia arusi, mkwe na mkaza mwana walichuma pamoja, wakaongeza mrehani ili kikuba kijae. Kilikuwa kidogo, lakini kilitoka nyumbani, na harufu yake iliwatangulia watu mlangoni. Mwanatumu alipendeza.

Kazi ikaja siku ya kumtoa bi arusi. Mumewe alikuwa mwalimu Korogwe, na gari lilikuwa linangoja nje. Bi Kazija alikuwa ameshalijaza: mito, birika, mchele, samli, dawa ya tumbo, dawa ya kichwa, na nyuma kabisa, chini ya busati, begi lake mwenyewe. Alikuwa ameamua kwenda kukaa na maharusi mpaka binti azoee, na alipoulizwa kuzoea kwenyewe kutachukua muda gani, alisema Mungu ndiye ajuaye. Mwalimu wa watu alikuwa anatabasamu kwa taabu. Mwanatumu alikuwa ndani ya gari, mkono wake umeshikwa na mama yake dirishani, na mkono ule haukuachiwa. Maneno yalikuwa yakimiminika: ule vizuri, ulale mapema, usioge maji ya baridi, unipigie simu asubuhi, unipigie jioni, dawa ya kichwa usiinywe na njaa. Bi arusi aliinamisha kichwa, na kikuba kikaanza kulegea nyweleni.

Wanawake walitazamana. Nani wa kumwambia Bi Kazija? Mwanamvua alisogea nyuma yake mpaka mdomo ukakaribia sikio. Yeye, ambaye alikuwa hajawahi kumkosoa mkwewe hata kwa jicho, alisema kwa sauti ya chini:

"Mama, kitazame kisizibe."

Dereva akapiga honi. Lakini safari hii neno lilikuwa limekwisha kufika.

Bi Kazija alinyamaza katikati ya dawa ya kichwa. Akautazama mkono wake, akautazama wa binti yake. Akafungua vidole, kimoja kimoja, akakirudisha kikuba mahali pake nyweleni, akarudi nyuma hatua moja. "Nipeni begi langu," alisema. Akalitwaa, akalipakata kifuani, na gari likaondoka. Alilia, hakuficha. Alipomaliza aliwageukia wale wanawake na kuwaambia kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja bei ya nazi, "Kweli. Chungu kizima hakilei ua."

Bi Chausiku aliyekuwapo pale alilichukua neno hilo kabla ya machozi kukauka, akalipeleka kisimani, na kutoka kisimani likafika sokoni, na kutoka sokoni limefika kwenu leo asubuhi. Mwanatumu alizoea Korogwe kabla mwezi haujaisha. Nyumbani kwake alipeleka tawi, na simu alipiga mwenyewe, bila kuambiwa.

Basi Nurdini, nyanyuka ukalifunge begi lako. Taratibu, usimwamshe mama yenu, maana tangu mwanzo wa hadithi amejiegemeza pale mlangoni akijifanya amesinzia na ungo wa mchele mapajani. Kwa hiyo si lazima nimrudilie neno yeye. Nawarudilia nyinyi, siku mtakapokuwa na cha kulea: chungu kizima hakilei ua.